Kucheza ng'ombe Pemba bila kumuumiza: kamba, saa na maandalizi

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba si mchezo wa kumwaga damu. Dume hutiwa kamba, vijana wakamchokoza kwa nguo, wanawake wakaimba, na mwisho hauawi: husifiwa, huvishwa maua na majani, akazungushwa kijijini. Wengi huunasibisha na Wareno waliokuwa na nguvu pwani hii hadi 1698, na ni kweli kwamba kisiwani Terceira, katika visiwa vya Azores, hadi leo ng'ombe huchezwa barabarani akiwa kwenye kamba ndefu. Mchezo wa Pemba haufanani na wa Kakamega, Kenya, ambako fahali wawili hupambanishwa pembe kwa pembe mpaka mmoja atimue mbio. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wa Wingwi au Kengeja halazimiki kuchagua kati ya mila na mnyama wake. Mambo yanayomuumiza ng'ombe ni matatu hasa: joto, kamba mbaya, na mchezo uliorefushwa kwa kuwa watu wamenogewa.

Anza na umri. Mfunue mdomo utazame meno ya mbele ya taya la chini. Akiwa ameshabadilisha yote 8, ana miaka 4 hivi au zaidi, na viungo vyake vimekomaa. Ndama dume mwenye meno mawili makubwa muache aendelee kukua, hata akiwa mkali namna gani. Kisha tazama mwili: mbavu mbili tatu za nyuma kuonekana si tatizo, lakini uti wa mgongo uliochongoka ni njaa.

Njaa ndiyo kikwazo cha msimu huu. Mchezo huchezwa kiangazi, kabla ya masika, watu wakiomba mvua, na hapo ndipo nyasi zimekauka. Dume wa kilo 250 anahitaji kilo 25 hadi 30 za majani mabichi kwa siku. Wiki tatu kabla ya mchezo muongezee pumba za mpunga au mashudu ya nazi, ukianza na nusu kilo na kupanda taratibu hadi kilo moja na nusu. Ukimpa nyingi siku ya kwanza tumbo litachacha. Maji yasipungue lita 40 kwa siku. Kama ni ng'ombe wa kukokota gari, mpumzishe siku mbili kabla.

Asubuhi ya mchezo mpime akiwa kivulini, ametulia. Joto la mwili liwe kati ya nyuzi 38 na 39.3 za Selsiasi. Hesabu ubavu unavyopanda kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili: pumzi 20 hadi 40 ni sawa. Papasa chini ya masikio na mbele ya bega. Tezi iliyovimba pamoja na homa ni dalili ya ndigana kali, ugonjwa unaojaza maji kwenye mapafu, na ng'ombe wa hivyo akikimbizwa anaweza kufa hapo hapo uwanjani. Mrudishe nyumbani umwite bwana mifugo, hata kama wageni wameshafika.

Sasa kamba, na hapa ndipo tungetaka mzingatie kuliko pote. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi na kuichoma inapoteleza. Tumia ya usumba au pamba, nene kama kidole gumba, urefu wa mita 12 hadi 15. Usumba hukwaruza, basi sehemu inayogusa mwili izungushiwe kanga kuukuu. Funga kwenye mashina ya pembe zote mbili, kwa kuzungusha mfano wa tarakimu 8, na fundo lisilojikaza. Kitanzi cha shingoni kinachojivuta humnyonga, na kamba ya puani huchana pua. Dume asiye na pembe za kutosha mtengenezee hatamu ya kichwani. La mwisho, usiifunge kamba kwenye mnazi. Ng'ombe aliyeshika kasi akifika mwisho wa kamba iliyofungwa, shingo hupindwa ghafla kwa uzito wake wote. Washike watu wanne hadi sita wanaojuana, waachie kidogo kidogo huku wakimpunguzia mbio.

Uwanja uwe wa mchanga au nyasi. Ondoa vifuu, chupa, visiki na mawe ya matumbawe, kwa sababu kwato hupasuka hapo. Mjulishe sheha, yaani kiongozi wa eneo lenu, mapema, na watoto wakae nyuma ya kizuizi.

Usianze kabla ya saa 10 alasiri. Joto la kaskazi lina unyevu, na unyevu humzuia ng'ombe kujipoza kwa jasho na kwa kuhema. Dakika 5 zatosha kwa mzunguko mmoja, zisizidi 10, halafu apumzike au aingizwe mwingine. Mteue mtu mmoja asiyecheza wala kushika kamba, kazi yake kuhesabu pumzi tu. Zikifika 80 kwa dakika, mchezo umekwisha. Akitoa ulimi, akihema kwa mdomo wazi na mate kumwagika, mpeleke kivulini na kummwagia maji mengi, kuanzia miguuni kisha mwilini, tena na tena. Usimfunike gunia lililolowa ukaliacha hapo, maana huhifadhi joto. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo.

Kuhusu kumchokoza: ng'ombe hakasirishwi na rangi nyekundu, hufuata kitu kinachotikisika. Nguo yoyote inatosha. Kumtia pilipili, kumchoma kwa fimbo iliyochongoka au kumsokota mkia ni mateso, na mkia huweza kuvunjika pingili. Dume asiyetaka kucheza amesema hapana, mtoeni.

Baada ya hapo mtembeze polepole dakika 10, ndipo avishwe maua. Asumini na makuti ni salama. Olianda, ile ya maua ya rangi ya waridi inayopandwa kwenye bustani, ni sumu kali, na majani machache yakimponyoka shadani hadi mdomoni yanaweza kumuua.

Jioni hiyo kagua mashina ya pembe, shingo na kwato. Mchubuko uoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila lita ikiwa na kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi. Kwa kuwa madume wa vijiji mbalimbali wamekutana, muogeshe dawa ya kupe na usimchanganye na wenzake kwa wiki mbili. Kesho yake tazama mkojo: ukiwa wa rangi ya kahawa au nyekundu, huenda misuli imeharibika au ana ugonjwa wa kupe, na yote mawili hutaka daktari siku hiyo hiyo. Akichechemea siku ya tatu, gari lisubiri.