Premio ikigonga mbele, ishike kabla ya kununua spea

Toyota Premio yangu ni ya 1998, na kazi yake ni Arua–Kampala, karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma. Ilipoanza kugonga mbele kushoto, fundi mmoja aliniambia ninunue shokapu mbili, na jeki hakuigusa. Nikazinunua soko la spea la Kisekka, Kampala, zikafungwa, mlio ukabaki palepale. Kumbe ilikuwa linki ya stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kijiti chenye jointi ndogo kila ncha. Pesa ile iliniuma sana, ndiyo maana naandika haya.

Anza na upepo. Pima taili zikiwa baridi, ufuate kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari likivuta kushoto, kumbuka kwamba tunaendesha kushoto na barabara imeinama upande huo ili maji yatoke. Jaribu kwanza mahali tambarare. Likiendelea, badilishana taili za mbele, ya kushoto iende kulia. Mvuto ukihama, ni taili. Likivuta unapokanyaga breki tu, chunguza breki na bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini, yaani vyuma vinavyoshika gurudumu kwa chini. Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa, balansi magurudumu kwanza.

Kisha sikiliza. Mimi huzima redio, nafungua kioo, napita polepole penye vishimo vidogo. Kokoto-kokoto ya mwendo mdogo mara nyingi ni linki au bushi za stabilaiza. Mvumo unaopanda na mwendo, ukabadilika unapokata kona, ni beringi. Tik-tik ukikunja usukani hadi mwisho huku unaongeza mafuta ni jointi ya ekseli ya nje.

Sasa jeki. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, na gari likae juu ya stendi. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, tazama tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, na mpira wake wa vumbi. Shika juu na chini: hapo ni boljointi (jointi ya mviringo mwishoni mwa mkono wa chini) au beringi. Kuzitofautisha, mtu akanyage breki wakati unatikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, tazama boljointi.

Kipimo ninachokiamini zaidi kinahitaji watu wawili. Gari likiwa chini kwa uzito wake, mwenzako azungushe usukani kidogo tu, kushoto-kulia, nawe uweke vidole juu ya kila jointi, moja baada ya nyingine. Jointi iliyokufa utaisikia kwa vidole kabla ya kuiona kwa macho. Mlio hudanganya, kwa sababu bati la gari huusafirisha. Vidole havidanganyi.

Bushi za mkono wa chini ndizo mafundi wengi huziharibu siku ileile wanapozifunga. Hukaza boliti za mwisho magurudumu yakining'inia. Mpira unabanwa ukiwa umejikunja, na gari likishuka unabaki umesokotwa. Vumbi na makorongo yetu huumaliza upesi. Ingiza boliti, shusha gari, litikise mara mbili tatu, ndipo ukaze. Simama hapo mpaka afanye hivyo. Mimi husimama.

Shokapu? Bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie. Likiyumba zaidi ya mara moja au mbili, zimechoka. Ukiona mafuta yametiririka, usijisumbue kupima.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine, iwe ya mwisho, baada ya vilivyolegea kubadilishwa. Ukifungua tairodi ya zamani, hesabu mizunguko yake, mpya uiingize kwa idadi hiyohiyo, gari lifike kwenye mashine bila kutafuna taili njiani.