Nyigu waliojichimbia kwenye nyasi

Kwa walioko Marekani au Kanada: mwezi wa 8 na wa 9, kabla ya kuwasha mashine ya kukatia nyasi, simama kando uangalie majani dakika chache. Ukiona nyigu wa njano na nyeusi wanaingia na kutoka tundu moja mfululizo, kama daladala stendi, hapo chini kuna kiota, mara nyingi ndani ya shimo la zamani la panya. Mtikisiko wa mashine huwachokoza vibaya sana.

Tundu likiwa pembeni wasikopita watoto, waache. Baridi kali ikiingia kundi lote hufa; hubaki malkia wapya tu, nao hujificha kwingine. Likiwa njiani, pulizia dawa ya unga ya nyigu mdomoni mwa tundu usiku wakiwa wametulia, suruali umeichomeka kwenye soksi. Tochi iweke chini, mbali nawe, maana wakitoka hufuata mwanga. Usizibe tundu, watachimba pa kutokea. Na petroli jamani, hapana! Inaharibu udongo na inaweza kulipuka. Mwenye mzio asithubutu, aite watu wa kupulizia dawa.