Soma Fyuzi Kabla ya Kuibadilisha: Hatua Ninazofuata Hapa Mwanjelwa

Wengi wanaokuja kwenye benchi langu hapa Mwanjelwa, Mbeya, huanza hivi: "Fundi, fyuzi imekata, niwekee nyingine." Mimi huomba kwanza ile iliyokata. Wengine wameshaitupa, na hilo hunisikitisha, maana ile fyuzi ndiyo inayonieleza kifaa kilipatwa na nini.

Hatua ya 1: Ondoa umeme kabisa

Chomoa plagi, usiridhike na kuzima swichi ya soketi. Kwenye mashine iliyofungwa moja kwa moja, zima meni swichi kisha pima kwa mita ya fundi (multimita) kuhakikisha hakuna umeme. Fyuzi za shirika la umeme, zile za nguzoni au zilizofungwa lakiri kwenye mita, si zako wala si zangu. Maikrowevu nayo, kama hujafundishwa, usiifungue: kapasita yake, yaani kile kipande kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti zipatazo 2,000 hata baada ya kuchomoa plagi.

Hatua ya 2: Itambue

Ile ya ndani ya plagi ya miguu mitatu ni ya kauri, urefu wake milimita 25. Zilizozoeleka ni ya ampia 3, yenye rangi nyekundu, na ya ampia 13, ya kahawia.

Kwenye redio, chaja na amplifaya utakuta za kioo, nyingi zikiwa na urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 5. Vaa miwani usome kofia yake ya chuma. Tuseme imeandikwa T3.15AL250V. T maana yake inavumilia mshtuko mfupi wa kuwasha. F hukata haraka. 3.15A ni ampia zake. L inaonyesha uwezo mdogo wa kuzima shoti kubwa. H ina uwezo mkubwa, na kwa kawaida ni ya kauri iliyojazwa mchanga unaozima cheche. 250V ni volti za juu kabisa inazoruhusiwa.

Za gari, ambazo vijijini tunazitumia pia kwenye sola za volti 12, husomeka kwa rangi: nyekundu ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Nyingi ni za volti 32, kwa hiyo usizipeleke kwenye umeme wa nyumbani hata kama ampia zinalingana.

Hatua ya 3: Tazama ilivyokufa

Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kama fedha kwa ndani, kulikuwa na shoti. Ukiweka nyingine bila kutafuta shoti hiyo, nayo itakwenda hivyo hivyo. Kioo kikiwa safi na uzi umeyeyuka katikati tu, mara nyingi ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, au fyuzi imechoka.

Usihukumu kwa macho peke yake. Itoe kwenye kishikio chake ndipo uipime, vinginevyo mita inaweza kusoma njia nyingine ya saketi. Fyuzi nzima italiza mita na kusoma karibu na sifuri.

Hatua ya 4: Chagua mbadala kwa hesabu

Gawanya wati kwa 230. Pasi ya wati 1,000 inakula ampia 4.3 na jagi la wati 2,000 ampia 8.7, hivyo zote mbili zinahitaji fyuzi ya 13. Redio inatosha 3. Ukiiwekea redio 13, waya wake mwembamba utaungua kabla fyuzi haijahisi chochote.

Na ule uzi wa shaba tunaouchomoa kwenye waya na kuufunga mahali pa fyuzi? Wenye unene wa nusu milimita unahitaji karibu ampia 28 ndipo uyeyuke. Hapo hakuna fyuzi tena.

Niliitwa Igurusi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ya fezi tatu. Fezi mbili zilikuwa zimefungwa uzi wa shaba, ya tatu ilikuwa na fyuzi halisi. Beringi ilipoanza kukaza, ile fyuzi halisi ikakata. Mota ikabaki na fezi mbili, ikawa inanguruma bila kuzunguka, na kijana wa mashine akausukuma mkanda kwa mkono mpaka ikaondoka. Mota ikiwa na fezi mbili huvuta umeme mwingi kupita kiasi kwenye hizo zilizobaki, na zile nyaya za shaba hazikukata. Koili ziliungua. "Kijana wangu, nilikuwa na foleni ya magunia," mwenye mashine aliniambia. "Pole sana, mzee," nilimjibu, na uchungu niliuona, maana kusuka mota upya katikati ya msimu ni hasara ya siku nyingi. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima papo hapo, kisha pima fyuzi zote tatu.

Hatua ya 5: Tunza kishikio

Hapa ndipo wengi husahau. Unyevu wa Tukuyu na vumbi la pumba huleta kutu kwenye vibanio, vibanio vinalegea, vinapata moto, na fyuzi nzima inakata bila kosa lake. Plastiki iliyogeuka kahawia ni dalili. Umeme ukiwa umezimwa, safisha kwa kitambaa chenye spiriti, usiparuze kwa msasa, kisha hakikisha vibanio vinashika kwa nguvu. Kilicholegea au kuungua, badilisha. Kwenye baridi ya Juni na Julai, hita zinapowashwa usiku kucha, gusa plagi baada ya dakika kumi na tano: ikichoma mkono, ifungue uangalie.

Mwisho, weka fyuzi mbili za akiba kwenye kimfuko, ukibandike kwa ndani ya mlango wa boksi la mashine, na uandike ampia zake kwa kalamu isiyofutika. Atakayefungua saa mbili usiku hatatafuta uzi wa shaba.