Sharti jipya la afya kwa wasafiri wa ndege: ni kweli au uvumi?

Ujumbe ukikufikia kwamba "kuanzia wiki ijayo hakuna kupanda ndege bila chanjo", usiusambaze kwanza. Tafuta ndani yake nchi iliyotoa amri, abiria inaowahusu, tarehe ya kuanza, cheti kinachotakiwa na waliosamehewa. Amri ya kweli hutaja hayo, maana bila hayo ofisa wa uwanjani hajui amzuie nani. Ukisoma "nchi zote", tilia shaka: masharti ya kuingia nchini huwekwa na serikali ya kila nchi, na Shirika la Afya Duniani hutoa kanuni na mapendekezo tu.

Kisha tazama tarehe, kwani hapa ndipo wengi huteleza. Tangazo huwa la kweli kabisa, ila limekwisha muda. Marekani iliondoa sharti la chanjo ya Uviko-19 kwa wageni wanaoingia kwa ndege tarehe 12 Mei 2023, kwa hiyo picha ya tangazo la 2021 haina kazi leo. Homa ya manjano nayo ina uvumi wake: kwamba cheti hufa baada ya miaka 10. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama ulichanjwa zamani. Siku 10 ndizo za kuzingatia, kwa sababu cheti huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano. Ukichanjwa juzi ukasafiri leo, unaweza kurudishwa.

Uthibitisho wenyewe uko kwenye Timatic, hifadhidata ya IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) ambayo wahudumu wa kaunta huisoma kabla ya kukupa pasi ya kupandia. Mashirika huitegemea kwa kuwa abiria akikataliwa, kumrudisha ni juu yao, pengine na faini. Mengi yameiweka kwenye tovuti zao. Jaza uraia, unakotoka, unakokwenda, tarehe, na kila kiwanja cha kubadilishia ndege. Usiruke hicho cha mwisho: kukaa zaidi ya saa 12 kwenye kiwanja cha nchi yenye homa ya manjano kunaweza kukudai cheti hata kama kwenu ugonjwa huo haupo.

Ukisoma, tenganisha "inapendekezwa" na "lazima". Uvumi mwingi huzaliwa hapo. Timatic ikipishana na tovuti ya wizara ya afya ya uendako, uliza ubalozi kwa barua pepe, uchapishe jibu lenye tarehe na uende nalo kaunta.