Nahau na methali za Kiingereza kwa mzungumzaji wa Kichina

Mzungumzaji wa Kichina anayejifunza nahau na methali za Kiingereza asianze kwa kukariri orodha ndefu, bali azipange kwanza kwa kuzilinganisha na semi alizokua nazo. Baadhi zinafanana mno: Mwingereza huua ndege wawili kwa jiwe moja, na Mchina naye husema “yi shi er niao”, yaani jiwe moja, ndege wawili; tena Mwingereza na Mchina wote hufua chuma kingali cha moto, pale ambapo Mswahili angeuwahi udongo ungali maji. Hizo zipitiwe haraka. Nyingine zina maana moja kwa picha tofauti, kwani Mwingereza akimtaja shetani, Mchina humtaja Cao Cao, mbabe wa vita aliyefariki mwaka 220, na aliyetajwa hutokea papo hapo, semi za kutumia pale mtu anayezungumziwa anapoingia ghafla.

Muda mwingi utumike kwa zile zinazofanana kwa sura tu, maana ndizo zinazopotosha. “Pull someone's leg”, kumvuta mtu mguu, ni kumtania, lakini Mchina akisikia mguu unavutwa hukumbuka “tuo houtui”, kuvuta mguu wa nyuma, yaani kumkwamisha mwenzako asisonge mbele. Kila jozi ya namna hii iandikwe daftarini pamoja na sentensi kamili iliyosikika kwa mtu, wala si tafsiri pekee.

Umbo nalo lina ugumu wake. Nahau za kale za Kichina ziitwazo “chengyu”, ambazo nyingi zina herufi nne, hazibadiliki kwa wakati wala nafsi, ilhali kitenzi cha nahau ya Kiingereza hubadilika na maneno mengine hubaki vilevile: “kicked the bucket” ni kufariki, lakini ukiweka “a” mahali pa “the”, mtu amepiga ndoo teke tu. Kwa kuwa Kichina hakina vineno hivyo, nahau isomwe kwa sauti ikiwa nzima, kama neno moja. Vilevile, chengyu hupamba insha, lakini nahau nyingi za Kiingereza ni za mazungumzo, na kuzirundika katika barua rasmi ni kosa.

Kuhusu methali, Waingereza mara nyingi hutaja nusu tu, kama “When in Rome”, ukiwa Roma, wakiacha agizo la kufanya wafanyavyo Waroma. Hapa Mchina ana uzoefu mkubwa, kwa sababu katika semi ziitwazo “xiehouyu” msemaji anaweza kusema tu kwamba sanamu ya udongo inavuka mto, na msikilizaji akajaza mwenyewe kuwa haiwezi hata kujiokoa.