Kumshauri Mbunge kuhusu Chakula na Kilimo: Mwongozo kwa Mwanasayansi

Mbunge anapomuuliza mtaalamu kuhusu sumu ya ukungu katika mazao, "Sumukuvu ina madhara gani?", mara nyingi swali lake hasa silo hilo. Mezani kwake kuna muswada, ndani yake kuna kifungu, na wiki ijayo kamati inakaa kukipitisha au kukirekebisha. Anataka kujua afanye nini na kifungu hicho. Hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hii hujikwaa: hurudi na kurasa thelathini kuhusu ini na ukungu, zote sahihi, lakini hazina hata sentensi moja inayosema kama kiwango kilichoandikwa kinafaa.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua jarida lolote, tafuta majibu ya maswali manne. Kinachoamuliwa ni kifungu gani au fungu gani la bajeti? Anayeamua ni kamati, bunge zima, au waziri kupitia kanuni? Uamuzi ni lini? Na ni jambo gani limeshafungwa, hata ungeleta ushahidi wa namna gani? Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Namba ikiandikwa ndani ya sheria yenyewe, kuibadilisha kunahitaji muswada mwingine. Ikiwekwa kwenye jedwali au kanuni, huweza kurekebishwa ushahidi unapobadilika. Mara nyingi ushauri wenye faida zaidi utakaoutoa ni huu: acha wajibu ndani ya sheria, peleka namba kwenye kanuni.

Panga siku kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kamati. Ukiwa na siku kumi, tumia moja kulifafanua swali, tatu kusoma na kuwapigia simu wataalamu, mbili kuandika, moja kuwapa wasomaji wawili (mmoja mjuzi wa somo, mwingine asiyelijua kabisa), na moja kusahihisha. Siku mbili zinazobaki ni za mbunge, asome na kukuuliza. Ushauri ukifika asubuhi ya kikao hausomwi.

Kuusoma ushahidi

Anza na mapitio ya kimfumo, yaani yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, kisha tathmini za taasisi, halafu ndipo utafiti mmojammoja. Taasisi zikipingana, usichague inayokupendeza. Eleza zimepingana wapi. Mwaka 2015 IARC, wakala wa utafiti wa saratani chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), uliiweka glifosati, dawa ya kuua magugu, katika kundi 2A, yaani yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huohuo EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ilisema haielekei kuwa na hatari hiyo. IARC ilisoma tafiti zilizo wazi kwa umma, zikiwemo za dawa iliyokwisha kuchanganywa na viambato vingine. EFSA ilikitathmini kiambato hai chenyewe na kupokea pia tafiti za kampuni ambazo hazikuwa zimechapishwa. Tena makundi ya IARC hueleza nguvu ya ushahidi kwamba kitu kinaweza kuleta saratani. Hayasemi ni kwa kiasi gani cha ulaji. Mbunge asipoelezwa hayo, ataamini kwamba upande mmoja unadanganya.

Asilimia nazo zina mtego. Gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku, kwa mujibu wa IARC, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Iandike kwa watu: kama katika kundi fulani watu 50 kati ya 1,000 wangeipata maishani, sasa watakuwa 59. Hapo mbunge anaweza kupima.

Kwa mavuno, uliza kila mara namba ilitoka wapi. Shamba la majaribio hupata mbolea kwa wakati, palizi kwa wakati na mtaalamu anayelitembelea. Sera ikijengwa juu ya mavuno ya kituo cha utafiti, bajeti itaahidi chakula ambacho shamba la mkulima halitakitoa.

Mfano mmoja hadi mwisho: kiwango cha sumukuvu

Tuseme muswada unataka kushusha kiwango cha juu cha sumukuvu (aflatoksini) katika karanga. Utakuta Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 4 za sumukuvu zote kwa kilo ya karanga za kuliwa moja kwa moja, Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, imeweka 15 kwa karanga zinazokwenda kusindikwa, na Marekani huchukua hatua chakula kikipita 20. Wote wamesoma sayansi ileile. Tofauti inatokana na nani anakula nini kwa wingi gani, hatua ya biashara ambapo karanga hupimwa, na hasara ambayo kila upande uko tayari kuibeba. Mwambie mbunge hivyo waziwazi, la sivyo atadhani kuna namba moja "ya kisayansi" ambayo wengine wameikataa kwa uzembe.

Kisha shuka kwenye upimaji, maana hapa sheria nyingi nzuri huvunjika. Sumukuvu haijitawanyi sawasawa: punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya shehena nzima. Konzi moja iliyochotwa juu ya gunia inaweza kuonyesha shehena mbaya kuwa safi. Mpango wa Codex kwa karanga zilizobanguliwa za kusindikwa unataka sampuli ya kilo 20, iliyokusanywa kidogokidogo kutoka sehemu nyingi za shehena, kisha isagwe na kuchanganywa vizuri kabla ya kutoa kipimo cha maabara. Makosa makubwa hutokea katika kuchukua sampuli kuliko ndani ya mashine. Kiwango cha 4 kikipimwa kwa sampuli ya gramu 200 hakilindi mlaji kuliko cha 15 kinachopimwa kwa kilo 20, kinabahatisha tu. Basi pendekezo lako liguse mambo matatu kwa pamoja: kiwango, namna ya kuchukua sampuli, na nani atalipa.

Usiishie kwenye machaguo yaliyomo ndani ya muswada. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, JECFA, ilikadiria kwamba sumukuvu ya aina ya B1 ina nguvu takriban mara 30 ya kusababisha saratani ya ini kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina B kuliko kwa asiye navyo. Kwa hiyo chanjo ya homa hiyo na ukaushaji wa mazao baada ya mavuno ni sera za sumukuvu, ingawa ziko kwenye mafungu mengine ya bajeti. Kamati ya kilimo haitaliona hilo asipokuwepo wa kuieleza.

Na shehena zilizokataliwa zitakwenda wapi? Sheria ikinyamaza, zitarudi sokoni kwa bei ya chini na kuliwa na maskini, au zitakuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa, na sehemu ya sumu hiyo hutoka tena kwenye maziwa kama sumukuvu ya aina ya M1.

Kuandika

Kurasa mbili zinatosha. POST, ofisi ya sayansi ya Bunge la Uingereza iliyoanza mwaka 1989, ilijijengea heshima kwa vijarida vya kurasa nne, na hivyo ni vya wabunge wote. Mbunge mmoja mwenye swali moja anahitaji pungufu ya hapo. Aya ya kwanza itaje uamuzi na jibu lako. Zifuate chaguo mbili hadi nne, likiwemo la kuacha mambo yalivyo, na kila moja lieleze faida, gharama, atakayeumia na muda. Mbinu za utafiti ziende kiambatisho.

Muda ndio hupuuzwa zaidi. Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani mwaka 2021 na kuilegeza ndani ya mwaka huohuo, mpunga na chai vikiwa vimeshaumia. Hesabu fupi ingeonyesha ugumu wake. Kilo 100 za naitrojeni kwa hekta hupatikana katika kilo 217 za urea yenye asilimia 46. Kwa samadi kavu yenye asilimia 1.5, unahitaji karibu tani 6.7, na sehemu tu ya naitrojeni hiyo hupatikana kwa mmea msimu wa kwanza. Iandike hesabu ya namna hii ndani ya ushauri, na uonyeshe samadi itatoka wapi na itabebwa na nini.

Mashaka yasifichwe wala yasitawanywe kila mahali. Neno "huenda" kila msomaji hulipima kivyake, kwa hiyo weka namba kando yake, kama jopo la tabianchi la IPCC linavyofanya. Kumtuliza mbunge kupita ushahidi ni kosa baya kuliko kukiri pengo. Serikali ya Uingereza iliwahakikishia watu kwa miaka kwamba nyama ya ng'ombe ni salama, kisha tarehe 20 Machi 1996 ikatangaza kwamba ugonjwa mpya wa ubongo kwa binadamu yamkini ulihusiana na BSE, ugonjwa wa ng'ombe kichaa.

Rasimu ikishatoka kwa mwandishi wa sheria, isome upya neno kwa neno. Miligramu ikiandikwa badala ya mikrogramu, kiwango kimelegezwa mara elfu. Angalia kama kifungu cha tafsiri, kile kinachofafanua maneno ya sheria, kinagusa bidhaa ghafi, iliyosindikwa au zote, na kama kiwango ni kwa uzito mkavu au ulivyo.

Tangaza mapema fedha za utafiti, hisa na ushauri mwingine unaolipwa, kwa maandishi, hata kama hujaulizwa. Ndani ya kamati, jibu kwanza kwa sentensi moja, kisha sababu. Ukiulizwa ushauri wa kura, rudi kwenye machaguo: "Mheshimiwa, ukitaka kuwalinda watoto kwanza, ushahidi unaelekea chaguo la pili, ukitaka wakulima wadogo wasitoke sokoni mwaka huu, la tatu." Usilolijua, sema utaleta jibu kesho saa nne asubuhi, na ulete saa nne, likiwa limeandikwa na kunakiliwa kwa katibu wa kamati.