Egzame ya pili ya udereva: namna ya kuipita, na kama asiransi (bima) itashuka kweli

Mdogo wangu iko Leeds, Uingereza, kazi yake kutunza wazee nyumba kwa nyumba, kutwa nzima mu gari. Mwaka jana akanipigia usiku, mi yaya wake, yaani mkubwa wake: «Yaya, banasema kuko egzame ingine ya kuendesha, ukiipita asiransi inashuka. Ni bya kweli ao ni bongo?» Mi niko Lubumbashi, naendesha tangu miaka 18, saba ya mwisho kwa mtu anayepeleka vitu ku mine za Likasi na Fungurume, kondwit defansiv, masomo ya kuendesha kwa kujikinga, nimeifanya mara tatu, basi akajua yaya hatakosa la kusema. Kusema ukweli nilijua nusu tu. Nusu ingine tuliitafuta wote wawili, yeye akafanya ile egzame akapita, na mi nikaenda kuulizia asiransi ya huku kwetu. Watu wananiuliza kila mara, wacha niandike yote mara moja.

Mwenye haraka ashike hili: sertifika peke yake haishushi kitu. Inashusha kama asiransi yako inaijua, na kama umeuliza mbele ya kulipa. Kwa hiyo piga simu kwanza, kujiandikisha kutafuata.

Sasa hiyo egzame yenyewe. Permi (leseni) unayo tayari, hii ni ya kupenda mwenyewe, hakuna rulaji, polisi wa barabarani, atakayekusimamisha akuulize iko wapi. Kule Uingereza wanaojulikana sana ni IAM RoadSmart, walianza 1956, na RoSPA. RoSPA wanakupa dhahabu, fedha ao shaba, na kila miaka 3 unarudia mtihani, ukilala wanakuamsha. IAM ukipita umepita, na mwenye pointi za juu kabisa anapewa alama yao ya F1RST. Mbele ya mtihani unatembea wiki nyingi na mtu wa kujitolea, anakaa pembeni yako, anaangalia, anaandika, anakuambia makosa yako kwa upole ule wa Waingereza ambao unauma kuliko kutukanwa. Kuna ingine inaitwa Pass Plus, ilianza 1995, hiyo ni ya wenye permi mpya: saa 6 ao zaidi na mwalimu, mjini, vijijini, usiku, mvua, otorute, na haina mtihani wa mwisho. Usiichanganye na hii.

Siku ya mtihani unaendesha kama dakika 75 mpaka 90, na anayekupima mara nyingi ni polisi ao polisi wa zamani aliyesomea kuendesha kwa ngazi ya juu. Huyo hatafuti umtembeze polepole kama umebeba mayai. Hapo njo mdogo wangu alianguka mara ya kwanza kwa mazoezi, alikuwa ku barabara ya shamba ambayo inaruhusu maili 60 kwa saa, njia imenyooka, kavu, hakuna mtu, yeye iko 40, anafikiri anaonyesha adabu. Yule mzee wa pembeni akamuandikia kwamba anachelewesha watu bila sababu. Ila ukipita 60 hata kidogo nayo ni kosa. Wanataka uende kwa mwendo ambao barabara inaruhusu na macho yako yanaruhusu, kile kidogo kati ya viwili njo unafuata.

Kuna mpango wa hatua tano, walioutengeneza ni polisi wa kule, na ukiuelewa huo umemaliza nusu ya kazi. Habari, nafasi, spidi, vitesi (gia), mafuta. Habari inatembea mu zingine zote: unaona nini mbele, retro zinasema nini, nani anahitaji klinyota yako, ile taa ya kukata kona. Halafu unaweka gari mahali pake barabarani. Halafu breki. Breki ikiisha, IKIISHA, ndiyo unachagua vitesi, mara moja, ile inayofaa kwa ule mwendo. Halafu unaongeza mafuta unatoka. Sisi huku tunafanya vyote kwa pamoja, mguu mmoja ku breki, mkono mmoja ku vitesi, mkono mwingine klaksoni, volani inashikwa na goti. Mi mwenyewe nilikuwa nakata kona hivyo miaka mingi. Jaribu kutenganisha breki na vitesi kwa wiki moja tu, utasikia gari inatulia, hata abiria wataacha kushika kiti.

Kitu kigumu kabisa ni kusema kwa sauti unachokiona huku unaendesha. Si lazima kila mtihani, ila wanaipenda sana, na kwa mazoezi hakuna dawa nzuri kuliko hiyo. Mdogo wangu alikuwa anaona haya, anasema mataa, basi, mwanamke, mbwa, kama mtoto anasoma abesede. Nikamwambia ngoja. Nikamkalisha mke wangu mbele, akashika telefone inaangalia barabara, tukatoka Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, kuelekea katikati ya mji, saa ya asubuhi ile yenye watu, na mi nikaanza:

«Taxi-bus imesimama kuume. Moshi unatoka, basi motere inawaka. Tairi ya mbele imegeuka kushoto, atatoka, klinyota hataweka. Natoa mguu ku mafuta. Chini ya taxi-bus naona miguu miwili, midogo, inakwenda upande wangu. Ningesogea kushoto lakini retro inaonyesha manseba (taxi-moto) iko pale na abiria wawili, basi sisogei, nafunga breki polepole, nasimama.»

Kasichana kakatoka mbele ya taxi-bus na beseni ya vitumbua ku kichwa, kakapita bila kutuangalia hata. Mke wangu akasema: «Ee, Papa, ulikaona wapi?» Miguu. Niliona miguu. Ku telefone kule Leeds mdogo wangu alikuwa kimya, halafu akasema rudia tena. Toka siku ile akaacha kutaja vitu akaanza kusema vitafanya nini, tairi iliyogeuka, mtu anayeangalia telefone huku anakaribia ukingo, mlango wa gari iliyopaki yenye kichwa ndani. Njo hiyo mpimaji anataka kusikia.

Umbali nao. Chagua mti ao poto, gari ya mbele ikiupita unaanza kuhesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, kama umefika ku mti mbele ya kumaliza, uko karibu mno. Kwa kilomita 60 sekunde mbili ni kama metre 33, kwa 80 ni 44. Mvua ikinyesha zidisha kwa mbili. Watu wananiambia hapa Lubumbashi ukiacha nafasi hiyo manseba watatu wataingia. Ndiyo wataingia. Unaacha tena nafasi, umepoteza sekunde sita, umefika.

Neno moja kwa sisi wenye gari za Japani volani kuume, na tunaendesha upande wa kuume. Ku barabara ya Likasi nyuma ya kamio (lori) ya shaba huoni kitu, na desturi yetu ni kumuuliza aliyekaa kushoto, naweza? Yeye anasema enda, enda! Yeye hana mguu ku breki na mara nyingi hajawahi kushika volani. Rudi nyuma badala ya kusogea karibu, ukiwa mbali ile kamio inakuwa ndogo na barabara inafunguka mbele yako, unaona mwenyewe. Kama bado huoni, usiduble, usiipite, kunywa vumbi.

Sasa asiransi, maana njo iliyotuleta.

Kule Uingereza mdogo wangu alipiga simu tatu. Ya kwanza msichana hakujua hata anaongelea nini. Ya pili wakamwambia hongera, bei ni ile ile. Ya tatu wakalomba namba ya sertifika na wakashusha, si sana, ila wakashusha. Zile saiti za kulinganisha bei mara nyingi hazina mahali pa kuandika kwamba umepita, kwa hiyo lazima sauti ya mtu. Uliza hivi: mnaitambua egzame fulani, ndiyo ao hapana, bei yangu bila hiyo ni ngapi na pamoja nayo ni ngapi, mnataka karatasi gani, ikiisha miaka 3 inakuwaje. Na wakutumie kwa meili.

Ila kwa hizo simu aligundua kitu kikubwa kuliko sertifika. Kontra yake ilikuwa ya kutembea kawaida na kwenda kazini mahali pamoja. Yeye anazunguka nyumba ya mzee mmoja mpaka ya mwingine, na hiyo kule inahesabiwa ni gari ya kazi, inahitaji kontra ya kazi. Angegonga katikati ya nyumba mbili, asiransi ingeweza kukataa kulipa. Akarekebisha siku ile ile, ikapanda kidogo, sertifika ikarudisha kipande. Wenye ndugu kule wanaofanya kazi hizo waambieni leo.

Kinachoshusha bei kweli ni miaka bila ajali. Ufaransa wana hesabu ya wazi: unaanza na 1, kila mwaka bila ajali ya kosa lako inashuka kwa 5%, baada ya miaka 13 unafika 0.50, yaani nusu bei. Ajali moja ya kosa lako inazidishwa kwa 1.25. Uingereza kila asiransi ina hesabu yake lakini wazo ni lile lile. Kwa hiyo zile hatua tano na miguu ya chini ya taxi-bus zinakulipa kwa njia hiyo, polepole, hata kama asiransi haijui jina la egzame yako.

Na huku kwetu? Zamani hakukuwa na wa kubishana naye, SONAS, asiransi ya serikali, ilikuwa peke yake tangu miaka ya 1960. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua soko, ARCA ikawekwa kusimamia, na kuanzia 2019 kampuni zingine zikapewa ruhusa. Kwa hiyo leo unaweza kuingia ofisi mbili, tatu, na huo uhuru wengi hatuutumii, tunanunua karatasi ya kumuonyesha rulaji basi. Ile ya lazima, RC, inalipa uliyemgonga, gari yako hailipi, na bei yake inafuata nguvu ya motere na kazi ya gari. Hapo sertifika yako ya kondwit defansiv weka mu mfuko. Mahali pa kuitoa ni ukitaka tous risques, ile inayolipa hata gari yako, ao bosi akiwa na gari nyingi kwa kontra moja, maana hapo asiransi inaangalia gari zako zimegonga mara ngapi na inaweza kupanga.

Mi nilienda na Toyota yangu, nikaweka sertifika ku meza. Yule bwana akaigeuza, akaangalia nyuma ambako hakuna kitu, akauliza: «Hii ni ya nini, papa?» Nikairudisha mu bahasha nikatoa karatasi ya pili, barua ya asiransi ya zamani inayosema miaka minne sijaomba hata franga moja. Hapo akakaa vizuri. Bei hakushusha. Alishusha franshizi, ile sehemu unayolipa mwenyewe ajali ikitokea, na kwangu hiyo ilikuwa nzuri zaidi. Basi ilombeni hiyo barua kila mwaka, ni bure, na ukihama unahama nayo. Ofisi ya pili ndiyo walitambua sertifika, lakini bei yao ya mwanzo ilikuwa juu, ukitoa punguzo unarudi pale pale.

Piga hesabu mbele ya kulipia masomo. Tuseme asiransi ni dola 600, wanakutolea 10%, ni 60 kwa mwaka. Masomo 150. Umerudisha pesa yako baada ya miaka miwili na nusu, kama hawajabadilisha mawazo. Kama kazi yako ni ya mine hesabu ni ingine, kule bila hiyo karatasi mara nyingi hupiti bariere, na bosi njo analipa.

Usidanganye ku fomu. Usiandike mkeo ndiye dereva kumbe ni kijana wako wa miaka 20, usiandike gari ya nyumbani kumbe asubuhi inafanya taksi. Siku ya ajali watauliza majirani.

Na anayevuka Kasumbalesa kuingia Zambia, RC yako inaishia mpaka. Lomba karti jaune ya COMESA, ile asiransi ya kuvuka mpaka, kwa aliyekuuzia asiransi, siku mbili mbele, usingoje wale vijana wa ku mpaka. Zambia wanaendesha kushoto. Mi niko na kipande cha skochi ku dashibodi, upande mmoja nimeandika KUSHOTO, upande mwingine KUUME, nikivuka nageuza, nikirudi nageuza, na siku moja nilisahau kugeuza, nikatoka ku pompo ya mafuta nikakutana uso kwa uso na kamio. Sasa nageuza mbele ya kuwasha motere.